Kazi ya wote iwe na jina la mtu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza kwa nini kikundi chenu cha watu sita, kila mmoja hodari akiwa peke yake, kinashindwa kumaliza ripoti moja ya pamoja, na kama dawa ni kuongeza watu wawili. Msiongeze mtu kwanza.

Umoja ni nguvu, nami naliamini hilo kwa dhati, ila nguvu hiyo haitokani na wingi wa vichwa. Mhandisi wa kilimo Mfaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, na matokeo yakachapishwa mwaka 1913: kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo wastani wa nguvu ya kila mmoja ulivyopungua. Kutegea kumo, bila shaka. Lakini kumo pia kutovuta kwa mpigo mmoja, na hilo huwapata hata wenye bidii. Kwa hiyo usiharakishe kuwaita wenzako wavivu.

Halafu piga hesabu. Watu sita wana jozi 15 za kuelewana. Wakiwa wanane zinafika 28. Fred Brooks, aliyesimamia mradi mkubwa wa programu za kompyuta katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wageni wenu watahitaji kuelekezwa, na wa kuwaelekeza ni ninyi hao hao mliochelewa.

Kilichonishtua katika barua yako ni pale uliposema sehemu ya takwimu mmekubaliana "tutaifanya wote". Mwanangu, hapo ndipo penye ugonjwa. Kila mtu analala akiamini mwenzake anaishughulikia. Ipeni kila sehemu jina moja. Si lazima mwenye jina aifanye peke yake. Muhimu ni kwamba yeye ndiye wa kuulizwa, na yeye ndiye wa kupiga yowe mapema ikikwama.

Hata mkigawana vizuri, chungeni maungio. Mwaka 1999 NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilipoteza chombo chake, Mars Climate Orbiter, kilipofika sayari ya Mirihi. Programu ya upande mmoja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, upande wa pili ukazipokea kama vipimo vya metriki. Chombo kikashuka hadi kilomita 57 hivi juu ya sayari, ilhali kilipangiwa zaidi ya 200. Kinachoniuma zaidi ni kwamba baadhi ya waongozaji waliona mapema hesabu haziendani, wasiwasi wao ukaishia kwenye mazungumzo yasiyofuatiliwa. Wataalamu walikuwepo, neno halikufika kwa mwenye kuamua. Basi mkikubaliana jambo, liandikeni siku hiyo hiyo mahali pamoja panapoonekana na wote: tumeamua nini, kwa sababu gani, nani anamkabidhi nani, kwa kipimo gani. Asiyekuwepo asome, asisimuliwe.

Vikao fanyeni vifupi, na mgeni katika kikundi aanze kusema kabla ya kiongozi, la sivyo atakubali tu.

Na yule mwenzenu asiyejibu ujumbe, unayetaka kumshitaki kwa msimamizi: mpigie simu kwanza, bila ukali, umuulize yeye anadhani sehemu yake ni ipi. Akikutajia tofauti na unayoijua wewe, mna la kurekebisha kabla hamjafika kwa msimamizi.

Nakuombea heri,
Mama yako