"Can", "may" au "might" kwa mteja?

Dada, umeuliza kama ni sawa kumwandikia mteja wako wa Buruburu "The parcel can arrive tomorrow" ukimaanisha huenda mzigo ukafika kesho. Hiyo iache. "Can" hueleza jambo ambalo kwa jumla huweza kutokea: "It can rain heavily in Nairobi in April." Ukiona mawingu ya leo upande wa Ngong, sema "It might rain this evening." Kwa hiyo mzigo wako uandikie "may", "might" au "could". Tofauti zake ni ndogo, ingawa "might" husikika na shaka zaidi kidogo.

Penye hatari hasa ni kwenye kukanusha. "He might not be at the shop" ni kwamba huenda hayuko dukani. "He can't be at the shop" ni kwamba haiwezekani kabisa awe huko, na mteja akisoma hivyo hatajisumbua kuja.

Kitenzi kinachofuata hakichukui "to" wala "s": "she might come". Na kwa jambo lililokwisha pita ongeza "have": "The rider might have got lost", yaani huenda mtu wa boda alipotea njia.