Grainda inatoa cheche na haina nguvu: fungua kaboni kwanza kabla hujakimbia hadwea

Ndugu wa Nakuru, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema grainda yako, hii mashine ya mkono ya kukata na kusaga chuma, ya inchi nne na nusu, iko mwaka wa pili kwa kazi ya mageti na grili, sasa inatoa cheche nyingi kwa yale matundu ya nyuma, ukiilemea kidogo inalegea inataka kuzima, na fundi mmoja amekuambia imekufa ununue ingine. Na naona hapa juu watu watatu wamekubaliana naye. Mimi nakuomba usitoe hiyo pesa bado. Hizo dalili ulizotaja mara nyingi ni kaboni zimeisha, vile vipande viwili vinavyopitisha stima kwa mota, kitu mimi hununua kwa shilingi mia hivi, na ukiendelea kuilazimisha vile iko ndio utaiua kweli.

Chomoa plagi kwanza. Si kuzima swichi, chomoa kabisa. Grainda nyingi ziko na vifuniko viwili vya plastiki ubavuni, kimoja kila upande, unafungua na bisibisi bapa, zingine lazima utoe kifuniko chote cha nyuma. Ndani utapata kaboni, kale kajiwe keusi ka pembe nne, kako na springi na kawaya ka shaba. Ipime na rula. Ikiwa imebaki chini ya milimita 5 au 6, hiyo imeisha hata kama bado inagusa. Badilisha zote mbili pamoja, usibadilishe moja ukasema ile ingine bado iko sawa. Na ukienda dukani beba ya zamani mkononi, usiseme tu "nipe ya grainda", juu saizi zinatofautiana kidogo sana na hicho kidogo kina maana: ikiwa nene inakwama kwa nyumba yake springi inashindwa kuisukuma, ikiwa nyembamba inachezacheza na cheche zinaongezeka. Ukishaweka mpya iache izunguke bure kama dakika tano hivi kabla ya kazi, ikae vizuri, cheche kidogo mwanzoni ni kawaida.

Kaboni zikiwa nje, angalia ile shaba ya mviringo yenye mistari ambayo kaboni huwa inasugua. Inafaa iwe rangi ya kahawia laini inang'aa. Ikiwa nyeusi nyeusi, kata kipande cha msasa laini kabisa, uzungushe amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka yenye hiyo shaba na waya, na mkono huku unaugusisha polepole, alafu utoe vumbi lote kati ya ile mistari na kitu chembamba cha mbao. Usitumie ile emeri ya kitambaa, chembe zake zinaweza kupitisha stima kati ya mistari. Ukiona mtaro umechimbwa kwa shaba, au mstari mmoja umeungua kuliko wengine, au ukiwasha na kaboni mpya cheche zinazunguka shaba yote kama pete ya moto badala ya kubaki pale chini ya kaboni, hapo sasa amecha ina shida na ndio unaweza anza kufikiria fundi wa kurewaindi, yaani kusuka waya za mota upya.

Sasa kwa nini zimeisha mapema hivyo? Mimi nimefunzwa kazi huko kwenu Nakuru, miaka sita, na hilo vumbi nalijua. Wanasema hata jina la mji linatokana na neno la Kimaasai la vumbi na mimi naamini. Ongeza vumbi la chuma la kusaga, ambalo feni ya grainda inalivuta lenyewe ndani, linapita kwa waya za mota linasugua vanishi inayozifunika kama msasa, na kwa sababu ni chuma linapitisha stima. Mzee aliyenifunza alikuwa hakuruhusu mtu kwenda nyumbani jioni kabla kila mashine haijapulizwa. Hewa ya pole, kama psi 30 kwa geji ya kompresa, ile mashine ya kubana hewa, plagi imetolewa, unapuliza kutoka nyuma kwenda mbele, alafu unaipangusa na kitambaa kikavu. Ukipuliza na nguvu yote ya kompresa unasukuma vumbi ndani ya beringi, na beringi ikianza kulia hakuna kaboni itakusaidia.

Hiyo tabia nilihama nayo kuja Kisumu, na ikaniponza, wacha nikueleze vile ilienda juu ndio kitu kimenisukuma kuandika haya yote. Huku shida yetu kubwa ni unyevu wa ziwa, hasa Machi mpaka Mei. Nilikuwa nimefungua banda upande wa Kibuye kama mwezi mmoja, nikanunua kompresa ya mtumba, na kila jioni napuliza mashine kama nilivyofunzwa. Lakini Nakuru kumwaga maji ya tangi ilikuwa kazi ya kijana mwingine, mimi sikuwahi kuishika, na huku sikuikumbuka. Jioni moja nilielekeza hewa kwa matundu ya grainda yangu kubwa na badala ya hewa pekee ikatema maji ya rangi ya chai ya rangi, maji ya kutu, yakaingia ndani moja kwa moja. Nikaifuta kwa nje nikaiweka kwa rafu. Asubuhi nikachomeka nikabonyeza, ikanipiga shoti mkononi, ikalia mara moja na moshi ukatoka. Hiyo amecha haikurudi, na nilikuwa na geti la mteja nusu.

Kwa hivyo ukiwa na kompresa, kila jioni fungua ile valvu ya chini ya tangi mpaka itoke hewa kavu. Hewa ikibanwa maji yaliyo ndani yake yanatengana yanakaa chini, na yanakula tangi kutoka ndani mahali huoni. Siku hizi hata kabla sijapuliza mashine napuliza kwanza kiganja changu, kikibaki kikavu ndio naendelea.

Kitu ingine watu wanadharau ni diski. Diski ya kukatia imeshikanishwa na resini, na unyevu unailegeza polepole bila kuonekana. Angalia ile pete ya chuma katikati, nyingi zimechapwa V na mwezi na mwaka, kwa mfano V04 2026, hiyo ni tarehe ya mwisho, kawaida miaka 3 tangu itengenezwe. Mimi naziweka kwa debe la plastiki lenye kifuniko, zimelala bapa, si kuegeshwa ukutani chini ya mabati yanayovuja. Na tafadhali usitoe gadi, kile kikinga cha diski, ukaweka diski ya inchi tisa kwa grainda ndogo. Najua inaingia, tundu ni lile lile la milimita 22.23. Lakini hiyo diski imeandikwa mizunguko kama 6,600 kwa dakika na grainda ndogo inaenda karibu 11,000. Ikipasuka inapasukia usoni. Nimeona kovu la mtu wa karibu yangu, kutoka mdomo mpaka sikio, na ilikuwa kazi ya kukata angle line, vile vyuma vya pembe, mbili tu.

Ekstensheni ya kuzungusha, fungua waya wote kabla ya kazi nzito. Ukiacha imejikunja inapata moto mpaka plastiki inashikana, na waya mwembamba mrefu unaipa mashine stima dhaifu, mashine inahangaika, kaboni zinaisha haraka. Hilo pia liangalie kwa upande wako. Grisi ya gia, mimi hufungua kichwa kila mwaka, natoa ya zamani naweka mpya ya gia, isijae, kama nusu tu, ikijaa inapata joto na inavuja kuelekea mota. Usiweke oili ya gari.

Kesho ukifungua, piga picha ya ile shaba kabla hujaigusa na msasa, uiweke hapa. Na useme kaboni ya kushoto imebaki milimita ngapi na ya kulia ngapi. Zikiwa zimetofautiana sana kuna moja inakwama kwa nyumba yake au springi yake imechoka, na ukiweka mpya bila kusafisha hapo utarudi tena hapa baada ya miezi miwili.