Kombe la FA kutoka nje ya England

Je, Kombe la FA, lile la soka la England, limewahi kuchukuliwa na timu ya nje ya England? Ndiyo, mara moja tu. Cardiff City ya Wales iliifunga Arsenal 1-0 katika fainali pale Wembley, Aprili 23, 1927. Shuti la Hughie Ferguson wa Cardiff halikuwa kali. Kipa wa Arsenal, Dan Lewis, alikuwa kama ameshaudaka mpira, ukamponyoka na kutambaa hadi wavuni. Na Lewis mwenyewe alikuwa mtu wa Wales, masikini! Mechi hiyo ndiyo fainali ya kwanza ya FA kutangazwa moja kwa moja redioni na BBC. Anayeitaja Queen's Park ya Scotland kama bingwa anachanganya: ilicheza fainali za 1884 na 1885, ikafungwa zote mbili na Blackburn Rovers.