Maswali ya Wasomaji: Vumbi la Kasulu kwenye gari la 1:43

SWALI: Nina modeli ya Land Cruiser mkonga ya chuma, kipimo cha 1:43, yaani ndogo mara 43 kuliko gari halisi. Nilichanganya udongo na gundi nyeupe nikapaka ubavuni ili ionekane imetoka Kasulu. Sasa ni kama imemwagiwa uji. Nifanyeje?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Gundi nyeupe inatoka. Bandika pamba yenye maji ya uvuguvugu juu yake nusu saa, kisha sugua kwa mswaki laini. Usilitumbukize gari zima. Maji yataingia ndani na vioo vitapata ukungu.

Kilichokuangusha ni punje. Chembe ya nusu milimita, ukiizidisha mara 43, ni jiwe la zaidi ya sentimita mbili lililoganda mlangoni. Anika udongo, usage kwa chupa, uchekeche kwa soksi ya nailoni iliyokunjwa mara mbili. Changanya sehemu mbili za udongo na moja ya unga wa chaki nyeupe, maana udongo ukishalowa na kushikizwa hubaki mweusi kuliko ulivyokuwa.

Ziba vioo kwa utepe wa karatasi wenye gundi, eneo la waipa ulikate kwa umbo la upinde, kisha puliza vanishi isiyong'aa mara mbili, nyepesi. Rangi inayong'aa haishiki unga.

Sasa fuata njia ya vumbi lenyewe. Linarushwa na matairi, kwa hiyo anza nyuma ya kila gurudumu, panda chini ya milango, malizia mlango wa nyuma. Huo ndio uwe mchafu kuliko vyote: gari likienda, hewa hujizungusha nyuma na kulivuta vumbi. Wengi huchafua boneti na kuusahau. Paka unga huo kwa brashi kavu. Kushikiza, gusisha ncha ya brashi yenye tone la tapentaini pembeni ya unga, uache lisambae lenyewe. Likishakauka, futa kwa pamba yenye unyevu pale mikono inaposhika: kwenye vitasa.

Michubuko ya rangi iwe michache, ukingoni mwa bampa na milango. Mkwaruzo wa milimita moja hapo ni wa sentimita nne na ushee barabarani.

SWALI: Behewa langu la mizigo la plastiki, 1:87, nililipaka kutu ya unga nikapuliza vanishi. Limepata utando mweupe na kutu imepotea.
Msomaji, Tabora mjini

JIBU: Hayo ni matatizo mawili. Utando ni unyevu ulionaswa ulipopuliza hewa ikiwa nzito, pengine baada ya mvua. Siku kavu, puliza vanishi ileile ya aina inayong'aa, safu moja nyembamba. Mara nyingi utando huondoka. Rudishia isiyong'aa. Thina usiiguse, inayeyusha plastiki.

Kutu imepotea kwa sababu vanishi huulowesha unga ukafifia. Unga uwe wa mwisho, na behewa ulishike kwa magurudumu. Kutu ya zamani ni kahawia iliyokolea; ya chungwa iweke kwenye bawaba na mikwaruzo mipya tu. Uso wa gurudumu unaokanyaga reli uache uking'aa, reli huusugua kila siku.

Halafu pima upana wa njia yake. Reli ya Kati ya zamani ni ya mita moja, yaani milimita 11.5 kwa 1:87, na modeli za njia hiyo hutengenezwa kwa milimita 12. Likiwa na 16.5, hilo ni la upana wa SGR, reli mpya, milimita 1435, na kutu nyingi hivyo haliistahili bado.