Jibu: Hita inapuliza baridi japo feni inazunguka

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: feni ya hita ya gari lako inapuliza vizuri, ila hewa ni baridi hata ukishatembea nusu saa, na Julai ya Njombe haina huruma.

Anza na kulanti (maji ya kupoozea injini), injini ikiwa imepoa (ikiwa ya moto usiguse mfuniko wa rejeta, itakurukia usoni). Ikipungua, hita ndiyo huwahi kukosa maji ya moto. Jaza, kisha tafuta inakovujia.

Iko sawa? Washa, weka hita kwenye joto la mwisho, subiri injini ipate moto, halafu gusa ile mipira miwili midogo inayoingia ndani kupitia nyuma ya injini. Mmoja moto, mwingine baridi: rejeta ndogo ya hita imeziba, au kuna hewa. Yote moto: kijilango cha kuchanganya hewa ndani ya dashibodi kimekwama, hapo mimi humwachia fundi. Yote vuguvugu na geji ya joto haipandi: themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, imekwama wazi. Hakikisha hata kama ipo! Mafundi wetu wengi huing'oa eti injini isichemshe. Kwenye gari langu haikuwepo. Ilipofungwa mpya na gasketi yake, joto likarudi.