Kuomba kozi ya ushonaji kwenye kambi ya Kiingereza

Dada, umeuliza mdogo wako aliyemaliza kidato cha nne aombeje nafasi ya ushonaji kwenye kambi ya Kiingereza, na kama umsaidie kuandika barua. Tafadhali usimwandikie. Aandike mwenyewe kwa Kiingereza hichohicho alicho nacho, maana ukimwandikia wewe na walimu wakaitumia barua hiyo kumpangia darasa, atawekwa na waliomzidi na atakaa kimya hadi kambi iishe. Nusu ukurasa inatosha. Aeleze kwa nini ushonaji, na kama ameshawahi kupinda suruali au kutia vifungo kwa fundi wa mtaani, aseme. Hilo lina uzito kuliko sifa za "nina bidii". Aambatanishe nakala za vyeti, picha za pasipoti na namba ya mzazi.

Kabla ya kulipa, nenda ukaone karakana kwa macho yako. Hesabu vyerehani vinavyofanya kazi, uulize ni wanafunzi wangapi kwa kimoja, na kitambaa cha mazoezi ananunua nani. Hapo ndipo gharama huongezeka kimyakimya. Kama atalala huko, onana na matroni.

Kuhusu cheti, uliza mapema: cha kushiriki kambi si cheti cha ufundi. Akitaka kinachotambulika, hakikisha kituo kimesajiliwa NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, au aombe kozi fupi VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, na Kiingereza asome pembeni. Na ada ilipwe kwenye akaunti ya kituo, si kwenye simu ya mtu.