Poles hakukosea kuuza ile namba 1

Kaka unasema Ryan Poles, akiwa meneja mkuu wa Chicago Bears ya NFL (futiboli ya Marekani), aliwaangusha mashabiki alipouza piki (zamu ya kuchagua) ya kwanza ya drafti ya 2023, ule mgao wa wachezaji wapya, badala ya kumchukua kotabeki (mrusha mpira mkuu) C.J. Stroud, mi nakataa kabisa. Hebu angalia alichochukua kwa Carolina Panthers walioinunua: mdaka pasi DJ Moore, piki ya 9 na ya 61 mwaka uleule, piki yao ya raundi ya kwanza ya 2024 na ya raundi ya pili ya 2025. Halafu Panthers wakamaliza msimu 2-15 (ushindi 2, vipigo 15), wakashika mkia, na ile piki yao ya 2024 ikawa namba 1 tena, ndo huyo kotabeki Caleb Williams, na Darnell Wright anayemlinda upande wa kulia katokana na dili hilohilo, mdaka pasi Luther Burden naye vilevile. Stroud mkali sikatai, alibeba tuzo ya rukii (mchezaji wa msimu wa kwanza) bora wa ushambuliaji, ila kotabeki mmoja huwezi kumlinganisha na mzigo wote huo! Mi nachomlaumu Poles ni kushuka toka piki ya 9 hadi ya 10 kwenye drafti hiyo ya 2023 na kuwaachia Philadelphia Eagles yule beki Jalen Carter, hiyo bado inaniuma mpaka leo